Jeneza Lilipita

Alhamisi alikuja dalali kuiangalia nyumba. Kakangu ndiye aliyemwita, mimi nilishtukia tu mtu yuko barazani anaupiga picha mlango. Akapanda juu akashuka, akafungua kisima akachungulia, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole kama anachagua tikiti sokoni. Alipomaliza akasimama mbele ya mamangu kwa heshima zote akasema, "Mama, nyumba nzuri, sikatai, lakini kichochoro hiki ndicho kinachoiua bei. Gari haifiki. Hapa hapapiti kitu."

Mamangu alikuwa na ungo mapajani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Jeneza lilipita," akasema.

Dalali akatabasamu kidogo akidhani ni maskhara, akatutazama sote, alipoona hakuna anayecheka akaomba maji ya kunywa na baada ya hapo hakukaa sana. Lakini mtoto wa kakangu, ana miaka tisa na hakuna neno linalompita, akanifuata mpaka jikoni. "Shangazi, jeneza gani?" Nikamwambia la babu yako. "Sasa kwa nini bibi amemwambia yule mtu?"

Nikamwambia nitakueleza, nina kazi. Sikuwa na kazi. Toka siku ile najaribu kupanga nitamweleza vipi, na jana usiku nimelifungua sanduku la mamangu kutafuta ile karatasi, na harufu ya kafuri iliponipanda puani ikanirudisha moja kwa moja kwenye ule ukumbi.

Mzee alikuwa na kama miaka miwili tangu aondoke. Maisha ya baada yake wengi wenu mnayajua, mamangu na mahamri yake ya kuuza alfajiri, kakangu Mombasa anatafuta, mimi nyumbani nimemaliza fomu foo nangojea sijui nini. Ndipo mtaani kukaingia maneno ya reti, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka. Na nikisema mtaani nasema Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu, manake kila nikiandika Shela mtu ananiuliza habari za punda.

Kwa asiyejua ilivyokuwa inakwenda, ni hivi. Valua, yaani mthamini wa ardhi, anazunguka mji mzima, kila ploti inaandikwa thamani yake kwenye daftari moja kubwa, halafu reti unayolipa kila mwaka ni asilimia ya thamani ile. Sheria ilitaka lile daftari lifanywe upya kila baada ya miaka kumi, lakini kwetu la zamani lilikuwa limekaa mpaka watu wakasahau kama lina tarehe, mzee alikuwa akilipa kiasi kilekile tangu mimi mdogo. Likija jipya linawekwa ofisini watu waende walitazame, tangazo linatoka kwenye gazeti la serikali, na usiporidhika una siku 28 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Sasa gazeti la serikali nani analisoma Shela? Sisi tulisikia msikitini, jirani alimwambia mjomba, mjomba akaja kutuambia, na siku hiyo zimeshapita 19.

Nikaenda mimi. Karani alikuwa mtu mwema, akanifunulia ukurasa, akaweka rula chini ya mstari wetu. Namba ya ploti, jina la babangu, ukubwa, na mwisho wa mstari milioni mbili na laki sita. Nilirudi mbio nikamwambia mamangu, akaweka kijiko chini akauliza, "Kwani wanataka kununua?" Nikamfafanulia kwamba hiyo si kodi, ni thamani, kodi ni kipande chake kidogo. Akauliza kipande gani. Tukapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu. Ilikuwa ni mahamri ya miezi.

Fomu ya pingamizi niliijaza mimi kwa Kiingereza changu cha shule. Nikaandika paa linavuja, nikaandika boriti za chumba cha juu zimeliwa na mchwa, nikaandika ukuta wa upande wa kisimani umepasuka. Nikaazima kamera kwa jirani nikapiga picha kila ufa, tukazisafisha, nikazipanga kwenye albamu ya harusi ya mamangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi nyuma. Mamangu alikuwa akinifuata chumba kwa chumba akinionyesha ubovu, hapa piga, na hapa. Nyumba ileile ambayo mgeni akija anaoshewa sakafu mara mbili.

Siku ya kusikilizwa tulifika mapema mno. Wenyewe waliiita korti ya tathmini lakini ulikuwa ukumbi wa mikutano wa kawaida, viti vya plastiki, feni mbili moja haizunguki. Mbele meza ndefu, mwenyekiti wakili, kando yake wanachama, na valua aliyetengeneza daftari amekaa upande wake na mafaili. Waliotutangulia ni mzee mmoja wa Barani na mwenye duka wa mjini, siwakumbuki walisema nini, nilikuwa naisoma fomu yangu kama mtu anayeingia mtihani.

Tukaitwa. Mamangu akaapa kwa msahafu. Mwenyekiti akamuuliza kwa Kiswahili kizuri tu, mama pingamizi lako ni nini, na mamangu akanitazama mimi, mimi nikapeleka albamu.

Akafungua. Akaangalia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa subira kabisa, halafu akaifunga akaisukuma polepole kuelekea kwangu. Akasema mwanangu, sisi hapa hatuthamini nyumba. Tunathamini kiwanja, ardhi tupu, kana kwamba hapajajengwa kitu. Paa likivuja au lisivuje, hata ungekuwa umejenga ghorofa tano, namba hii ni ya ardhi. Una neno lolote kuhusu ardhi?

Sikuwa nalo. Niliona uso wangu unawaka. Na mamangu nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Ardhi tupu?" Nyumba ameijenga babake babangu kwa chokaa na mawe ya matumbawe, yeye ameingia pale bi harusi, amezalia pale, ameondokewa pale, na leo anaambiwa ifikirie kana kwamba haipo.

Valua akasimama kueleza namba ameipata wapi. Alieleza vizuri na sikumwona kama mtu mbaya. Alichukua ploti zilizouzwa karibuni maeneo yale, akaangalia futi yake inakwenda kwa kiasi gani, akapiga mara ukubwa wa yetu. Akazitaja. Zote zilikuwa za kando ya barabara, mbili zinatazama bahari. Hapo ndipo nilipozinduka. Nikainama nikamnong'oneza mamangu sikioni, "Mama, sema habari ya njia. Waambie njia ilivyo."

Ni maneno yangu hayo. Nataka yaandikwe kwamba ni yangu.

Nilitegemea atasema gari haifiki, au mkokoteni wa maji unaishia kwa jirani, au basi ataje ile kona tuliyoipima na kakangu tukapata futi tatu na inchi mbili. Mamangu akasimama, akaivuta buibui yake vizuri kichwani, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mheshimiwa, mimi mambo ya mita siyajui," akasema. "Lakini mume wangu alipofariki walikuja wanaume kumchukua. Wakatoka naye mlangoni sawasawa. Walipofika kwenye kona jeneza likakataa kuzunguka. Mbele limegusa ukuta wa jirani, nyuma limegusa ukuta wangu. Wakarudi hatua moja, wakajaribu tena, likagusa tena. Mimi niko nyuma ya mlango, sina ruhusa ya kutoka, natazama kwa upenyo. Wakasema polepole, polepole. Wa mbele wakaliinua mpaka juu ya vichwa, wa nyuma wakapiga magoti, ikawa mume wangu amesimama. Ile shuka ikaanza kuteleza. Kijana mmoja akapanda juu ya baraza la jirani akaishika kwa mkono, hivi." Akanyoosha mkono wake akakunja vidole, akaushikilia pale hewani. "Akaishika mpaka wakapita. Ukuta una alama mpaka leo, mkono wa jeneza ulichimba chokaa. Hiyo ndiyo njia yangu."

Akakaa.

Nawaambieni ule ukumbi ulinyamaza mpaka ikasikika ile feni moja. Karani anayeandika alikuwa ameinua kalamu. Mwenyekiti alitazama meza. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa mamangu, ameurudisha mapajani lakini vidole bado vimekunjwa. Miaka miwili nilikuwa nalala naye chumba kimoja na hilo la shuka sikuwahi kulisikia. Siku ile ya maziko nilikuwa ndani na wanawake, nilisikia zile sauti za polepole, polepole nikadhani ni kawaida ya wachukuzi. Alikuwa nalo peke yake, hajampa dada yake, hajanipa mimi, na mahali pa kwanza alipolitoa ni mbele ya watu asiowajua, ili liandikwe kwenye faili la reti.

Valua ndiye aliyevunja kimya. Aliuliza kwa upole kabisa, "Upande wa nyuma hakuna njia, mama?" Mamangu akasema nyuma ni ukuta wa mtu. Akaandika. Akamwambia mwenyekiti kwamba ukosefu wa njia ya gari ni jambo linaloshusha thamani ya kiwanja na kwamba ploti alizolinganishia zote zina barabara. Yaliyofuata yalikwenda haraka, wakanong'onezana, tukaambiwa tutapata jibu kwa maandishi, na kama hatukuridhika nalo tunaweza kwenda Mahakama Kuu. Jibu lilikuja. Milioni moja na laki nane, imepungua karibu thuluthi. Majirani zetu wa kichochoro kilekile ambao hawakupeleka pingamizi walibaki na namba zao kubwa, na hilo nalo liliniuma, manake kona ni ya wote.

Karatasi yenyewe ndiyo hii nimeipata sandukuni. Ina mhuri, ina namba ya ploti, ina thamani ya zamani na mpya, na sehemu ya sababu kuna maneno machache ya Kiingereza, maana yake kiwanja hakifikiwi na gari. Basi. Nimeigeuza nyuma nikatazama kama kuna kingine.

Tulivyorudi nyumbani siku ile hatukuzungumza. Tulipita sokoni, akanunua unga kama kawaida yake. Tulipofika kwenye kona mimi nilikuwa mbele, niligeuka nikamwona amesimama ameweka kiganja kwenye ile alama ukutani, na mfuko wa unga umemwegemea mguuni. Nikajifanya natafuta ufunguo.

Wapo wanaoniambia tulifanya vyema, haki ni haki, na nakubali. Namba ile ilikuwa ya makosa, mjane hakupaswa kulipa reti ya bahari huku anaishi kwenye kichochoro, na kama mnaitwa sasa kwa sheria hii mpya ya reti ya 2024 nawasihi mwende, mlitazame daftari mapema, mzihesabu siku, mwulize ploti mliyolinganishwa nayo iko wapi. Mimi mwenyewe nitakwenda tena. Lakini kuna kitu mamangu alikilipa siku ile ambacho hakikuwa kwenye ilani ya reti, na aliyemnong'oneza akilipe ni mimi, na kila mwaka nikilipa reti kwa simu, dakika moja imekwisha, naona ule mkono.

Leo asubuhi nikamuuliza. Nilingoja amalize kusali nikakaa chini karibu na mkeka wake. "Mama, siku ile ya korti, nilikukosea?" Akakunja mkeka kwanza. Akasema, "Wewe ulinambia niseme njia. Njia ninayoijua mimi ni ile." Nikamuuliza je, nyumba anataka iuzwe. Akasema muulize kakako dalali anarudi lini, nijue kama nitapika.

Jioni nimemchukua mtoto tukatoka mpaka kwenye kona. Ukuta umepakwa chokaa mara nyingi lakini lile shimo dogo bado lipo, ukilijua unaliona. Akanyoosha mikono yake, wa kulia umegusa kwa jirani na wa kushoto umegusa kwetu.

"Shangazi, sasa babu alipita vipi?"

Nikamwambia asimame pale pale. Nikapanda juu ya baraza la jirani, nikanyoosha mkono, nikamwonyesha mahali shuka ilipokuwa.