Jicho Moja la Willie O'Ree

Katika historia ya wachezaji wa kulipwa wa hoki ya barafuni, ninayemheshimu zaidi ni Willie O'Ree wa Kanada, ambaye tarehe 18 Januari 1958, akiichezea Boston Bruins, alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Miaka michache kabla ya hapo, akiwa bado katika hoki ya vijana, kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira kilimpiga usoni na kulipofusha jicho lake la kulia karibu kabisa, jambo alilolificha ili asizuiwe kucheza. Kwa kuwa alikuwa winga wa kushoto, pasi nyingi zilimjia kutoka upande asiouona, hivyo ilimlazimu kugeuza kichwa chote ili azipokee huku mabeki wakimjia kwa kasi. Ujasiri huo naustaajabia kuliko mabao yake. NHL alicheza mechi 45 tu. Baadaye, katika timu ya Los Angeles iliyokuwa nje ya NHL, alihamishiwa winga ya kulia, ambako pasi zilimjia upande wa jicho lake zima, na akafunga mabao 38 katika msimu wa 1964–65. Bruins waliistaafisha jezi yake namba 22 mwaka 2022, yaani haitavaliwa tena na mchezaji mwingine, heshima ambayo, kwa maoni yangu, ilichelewa mno.