Jinsi nilivyomaliza Mega Man zote 11 kwa mpangilio

Nilimfahamu Mega Man, roboti ambaye ndiye shujaa wa gemu zenye jina lake, nikiwa mtoto Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1990, nyumbani kwa jirani ambaye baba yake alikuwa baharia na aliwaletea wanawe gemu ya TV iliyoigizwa kutoka Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya Japani. Kaseti yake ilikuwa na maandishi ya Kijapani, na kwa kuwa huko mhusika huyu anaitwa Rockman, sisi tulimwita Rokimani na hatukujua kwamba kwingineko duniani ana jina jingine. Ilikuwa gemu ya pili ya mfululizo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuimaliza, kwa sababu kila tulipokaribia ngome ya Dk. Wily, mwanasayansi mwovu ambaye ndiye adui mkuu, magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa, na mama mwenye nyumba alikuja kuzima televisheni.

Deni hilo lilikaa moyoni kwa zaidi ya miaka 20. Nilipopata kompyuta mpakato iliyotumika na pedi ya USB, niliamua kulilipa lote kwa pamoja: kumaliza gemu 11 za mfululizo mkuu kwa mpangilio wa miaka zilipotoka, kuanzia ile ya Desemba 1987 hadi Mega Man 11 ya mwaka 2018. Matawi yake, kama vile Mega Man X, niliyaacha kando. Kampuni ya Capcom ilikwisha kuzikusanya gemu 6 za mwanzo katika toleo moja mwaka 2015 na 4 zilizofuata mwaka 2017, kwa hiyo kuzipata hakukuwa kazi. Mkusanyo wa kwanza humruhusu mchezaji kuhifadhi mahali alipofika wakati wowote, lakini nilijiwekea sharti la kutotumia msaada ambao gemu yenyewe haikuwa nao ilipotoka.

Sharti hilo lilinibana tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Mega Man ya kwanza haikuwa na nywila, yaani msimbo wa kukurudisha ulipoishia, wala njia yoyote ya kuhifadhi, na ilinibidi niimalize kwa kikao kimoja. Kilichonifungulia njia ni kuelewa mantiki yake. Roboti 6 zinazokungoja zinaweza kufuatwa kwa mpangilio wowote, na kila unayemshinda unachukua silaha yake, ambayo huwa ndiyo udhaifu wa mwingine. Niliandika duara lake katika daftari la hesabu, lile la miraba: bomu la Bomb Man huvunja mwamba, yaani Guts Man, mwamba humponda Cut Man, ambaye ni mkasi, mkasi hukata nyaya za Elec Man, umeme humwangusha Ice Man, barafu humzima Fire Man, na moto humlipua Bomb Man. Sijaona gemu nyingine inayomfundisha mchezaji kanuni zake kwa uwazi wa namna hii bila kumpa maelezo hata ya mstari mmoja, na naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya mfululizo huu kudumu kwa miaka mingi.

Baada ya roboti hao 6 nilikutana na Yellow Devil katika hatua ya kwanza ya ngome. Ni jitu la njano linalojaza upande mmoja wa skrini, kisha hujimega vipande ambavyo huruka kimoja kimoja hadi upande wa pili na kujiunga tena, halafu hufumbua jicho kwa muda mfupi, na hapo ndipo pekee unapoweza kumpiga. Nilishindwa naye kwa siku 4 mfululizo. Jioni ya 3 nilikuwa nimebakiza mapigo machache tu umeme ulipokatika, na kwa kuwa betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani, kazi yote ya saa mbili ilipotea na nikaanza upya na Bomb Man.

Kuna mbinu inayojulikana sana ya kusimamisha na kuendeleza mchezo harakaharaka wakati umeme wa Elec Man unapopita jichoni, ili pigo moja lihesabiwe mara nyingi. Sikutaka kushinda kwa njia hiyo. Badala yake nilimwomba mpwa wangu wa miaka 11 akae kando yangu na daftari, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba vipande vile huruka kwa utaratibu uleule kila mara. Mimi nilikufa kwa makusudi, yeye akachora: mraba wa juu, wa chini, wa kati, wa juu tena. Tulipomaliza kuchora alianza kunisomea, "Mjomba, ruka! Tulia. Ruka, mjomba, ruka!" na katika jaribio la 5 jicho lile lilizimika. Tulipiga kelele hadi dada yangu akatoka jikoni.

Kuanzia gemu ya pili, iliyotoka mwaka 1988, kulikuwa na nywila: jedwali la miraba 25 lenye vitone 9, ambalo lilikaa vizuri mno ndani ya daftari langu. Nilinakili kila moja mara mbili, kwa sababu kitone kimoja kikikosewa kazi ya jioni nzima haina thamani tena. Hapa kulikuwa na Quick Man, ambaye njia ya kumfikia ni shimo refu lenye miali inayoua papo hapo. Silaha ya Flash Man husimamisha wakati na kuizuia miali hiyo, lakini nilipendelea kuikariri njia kwa mwili, kulia, kushoto, kushoto, kulia, hadi vidole vilipokuwa vinatangulia macho. Kilichonichelewesha zaidi ni chumba cha mizinga ukutani katika hatua ya 4 ya ngome, ambacho hukubali bomu la Crash Man peke yake. Unayo mabomu 7 tu, baadhi ya mizinga imekingwa na kuta zinazohitaji mabomu hayohayo, na ukifa hurejeshewi hata moja. Mara mbili nililazimika kupoteza maisha yote ili silaha zijae upya. Nilipotoka chumba kile nilijua kwamba deni la Tanga limekaribia kwisha, na usiku ule nilimwona Wily akipiga magoti kuomba msamaha kwa mara ya kwanza katika gemu hiyo, jambo ambalo utotoni tulilisikia tu.

Gemu ya 3 hadi ya 6, zilizotoka kati ya 1990 na 1993, zilikwenda haraka. Ya 3 ilileta kuteleza chini na mbwa wa chuma Rush, ya 4 ikaleta risasi ya kulimbikiza, ambayo huzidi nguvu ukishikilia kitufe, na mambo hayo mawili humpa mchezaji nguvu nyingi kiasi kwamba silaha za roboti hupungua umuhimu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mfululizo ulipoanza kujirudia, ingawa hatua ya Gravity Man katika ya 5, ambamo mvutano wa dunia hupinduka na ukatembea darini, ningeirudia hata leo. Ya 7 iliniweka wiki mbili kwa Wily wa mwisho pekee. Ya 8 niliimaliza kwa siku chache.

Kisha ikaja ya 9, ya mwaka 2008, ambayo watengenezaji wake waliirudisha makusudi kwenye sura na sauti za Famicom, wakaondoa kuteleza na risasi ya kulimbikiza. Ni ngumu, lakini mikono yangu ilikuwa imeshafunzwa na ile ya 2, na kila mtego uliokuwepo niliutambua kwa mwenendo wake. Mwishoni Wily anapiga magoti tena, na Mega Man anamwonyesha picha za mara zote alizowahi kuomba msamaha namna ileile, gemu baada ya gemu. Mimi nilikuwa nimeziona zote kwa macho yangu, kwa mfuatano, ndani ya mwaka mmoja. Nilisimamisha mchezo, nikakaa kimya kwa muda.

Ya 10 ilinichukua wiki moja na ya 11, yenye uwezo wa kupunguza kasi ya wakati kwa muda mfupi, wiki tatu. Kazi yote ilikuwa ya miezi 14.

Sasa mpwa wangu ameanza Mega Man ya kwanza, na amekwama mwanzoni mwa hatua ya Guts Man, kwenye majukwaa yanayoinama ghafla kila reli inapokatika. Juzi aliniomba lile daftari langu. Nimemnunulia lake, la miraba.