Siku Moja ya Mhudumu wa Afya ya Jamii, Malindi

Kufikia saa tatu asubuhi nimekwisha kuzungukia nyumba kadhaa hapa Muyeye, nikikagua kadi za chanjo na kuwapima wazee shinikizo la damu.

Saa tatu na nusu hufika wanafunzi wa chuo kikuu tunaoshirikiana nao katika utafiti wa huduma inayozingatia kiwewe, yaani inayojali majeraha ya nafsi ya waliopatwa na mkasa. Wengi hudhani kazi yangu ni kuwaonyesha njia tu. Tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola, walikozikwa waumini wanaodaiwa kushawishiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, yalipoanza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ikapatikana, zipo nyumba ambazo mgeni hapaswi kuzipigia hodi akiwa na dodoso mkononi. Hata miili ya kwanza haikukabidhiwa jamaa hadi Machi 2024, vipimo vya vinasaba vilipokamilika.

Saa nne tulimkuta mama mmoja ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mwanafunzi alianza na swali la waliofariki. Mkono wa mama ulisimama, macho yakaelekea mlangoni. Kijana, akidhani hakusikika, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Nilimwomba afunge karatasi zake.

“Mwanangu, nimeulizwa na polisi, nimeulizwa na waandishi,” mama akasema. “Nikikujibu wewe, nitapata usingizi?”

Nilimweleza kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba akikataa sitaacha kumtembelea. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2014 inataja usalama, uaminifu na hiari ya mhusika kuwa misingi ya huduma hii. Huku kwetu misingi hiyo ilidai tukae jamvini, tusiandike neno, hadi adhana ya adhuhuri, mama akisimulia namna anavyoshtuka usiku, akinyamaza, kisha akiendelea. Kusikiliza namna hiyo kunachosha kuliko kutembea juani, nami naiona ndiyo kazi yangu iliyo bora.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyopita. Jioni, katika kikao, msimamizi wa utafiti alilalamika kwamba dodoso halikujazwa. Nilimjibu kwamba sisi wahudumu tunataka kuyaona maswali kabla hayajachapishwa, na matokeo yasomwe barazani mbele ya waliohojiwa. Amekubali swali la waliofariki liondolewe mwanzoni. Kuhusu baraza bado tunavutana.

Mama naye amekubali kumwona mshauri nasaha Jumanne, na nitamsindikiza mimi mwenyewe.