Kofia Iliyouzwa Mara Tatu

Agosti 2015 upepo wa kusi ulivuma hasa, na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam haikuondoka. Humo alitakiwa awemo daktari wa macho, mgeni wetu mzungumzaji. Katibu wa klabu nilikuwa mie, basi simu ya udhuru ikaniangukia mie, na viti vya kukodi vimeshateremshwa ukumbini Michenzani, hapa Unguja.

Klabu yenyewe ilikuwa ndogo, walimu na makarani na mafundi cherehani wawili. Hatukuwa tawi la Lions wala Rotary, vile vilabu vya hisani vya kimataifa, ila mwenyekiti wetu hakumaliza kikao bila kutukumbusha kuwa Lions walianzia Chicago mwaka 1917, na kwamba mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alialikwa kuzungumza nao akawaomba wawasimamie wasioona. "Hotuba moja, jamaa zangu, na mpaka leo wanatibu macho!" Ndiyo maana kwake shughuli bila mgeni mzungumzaji ilikuwa harusi bila bwana harusi.

Tulikuwa tukichangisha nauli na matibabu ya wazee wenye mtoto wa jicho. Wa kwanza katika orodha alikuwa bibi yangu (orodha sikuiandika mie, wallahi). Bibi alikuwa mshonaji wa kofia za viua, vile vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja ikala miezi. Ya mwisho aliishona kwa kupapasa, mjukuu akimtungia uzi sindanoni. Ndiyo aliyotupa tuitie kwenye bahati nasibu.

Bahati nasibu nayo ilikufa mapema. Mzee mmoja wa klabu aliuliza, "Hiyo si kamari?" na hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaamua mnada, ingawa katika sisi hakuna aliyewahi kunadi hata fungu la muhogo.

Nikapanda daladala mpaka Malindi, kwa ami yangu, dalali wa samaki.

"Ami, njoo utuzungumzie."

"Nizungumze nini, mwanangu? Mie nauza samaki."

"Hilo hilo."

Alasiri alikuja na kanzu imepigwa pasi, amejifukiza udi, na chini ya udi harufu ya pweza iko pale pale. Mwenyekiti alimtazama, akanitazama mie. Nikaanza kwa kusoma maneno ya daktari niliyoyanakili kwenye simu: kwamba mtoto wa jicho ni lensi ya jicho iliyoingia ukungu, kwamba matone hayauondoi, na kwamba dawa ni upasuaji, itolewe ile lensi iwekwe ya bandia. Watu wakaitikia kwa adabu, wakaendelea na sambusa.

Ami akasimama. Alisema pale sokoni hamtazami anayepiga kelele, humtafuta aliyenyamaza na ambaye mkono wake umeshafunua mashavu ya changu kuangalia wekundu. "Huyo kashanunua, ila hajajua." Kisha akaishika kofia ya bibi, akaiinua dhidi ya taa mwanga upenye kwenye viua, akaanza, "Thalathini, thalathini, thalathini na tano!" Nilishikwa na aibu, maana aliinadi kwa sauti ya kunadia kolekole. Lakini sambusa ziliwekwa chini.

Mfanyabiashara mmoja aliipata kwa elfu themanini, akalipa, akairudisha: "Nadi tena." Wa pili akafanya vivyo hivyo. Mara ya tatu bei ilikwama, ukumbi kimya, na Ami akatazama huku na huku kumtafuta yule mnyamavu. Hakumwona. Akajipapasa mfukoni, akatoa za mauzo ya asubuhi, akainunua mwenyewe.

Ilikuwa namba ishirini na moja na nusu. Kichwa cha Ami si hicho. Akaivaa hivyo hivyo, ikamkalia utosini kama kawa juu ya chungu.

Bibi alipasuliwa jicho la kulia mwezi uliofuata. Bandeji ilipotoka, Ami alikwenda kumtazama na kofia yake kichwani. Bibi alimvuta kwa kola, akaileta kofia karibu na jicho lile jipya, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nani kashona uchafu huu?"

Hatukumwambia.