Siku moja na damu ya sato

Saa 11 alfajiri, Mwanza. Barafu kwanza. Kabla sijanawa uso nimeshachungulia friza kuona kama umeme ulirudi usiku, maana bila barafu leo hakuna kazi. Deli begani, bodaboda, mwaloni.

Saa 12:30. Mzee anayelinda vizimba ananisubiri na mtumbwi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja tena kuwachoma sindano samaki wetu?"

Wiki iliyopita alinipigia: sato wanazunguka kama pia, macho yamewatoka. Dalili hizo zinafanana na za bakteria aina ya streptokoka, lakini kumtafuta bakteria ni kazi ya mwenzangu. Mimi natafuta askari wanaopigana naye: seli za kinga, zipo ngapi na za aina gani, kwa samaki mgonjwa na kwa mzima.

Sato sita, watatu wazima na watatu wagonjwa, wanaingia kwenye ndoo ya maji yenye mafuta ya karafuu. Hizi hizi za Pemba. Samaki hulala nazo fofofo. Navuta damu mkiani, kisha namfungua na kutoa figo ya mbele, ile iliyojificha nyuma ya kichwa. Samaki hana uboho wa kutengeneza damu ndani ya mifupa kama sisi. Kiwanda chake ni hapo.

Saa 3 hadi saa 7 ni kuponda, kuchuja, kuzungusha kwenye sentrifuji, kuhesabu. Halafu kingamwili, protini inayonata kwenye aina moja tu ya seli ili niitambue.

Kila mtu huniuliza kwa nini nisitumie zile za binadamu za kutambua CD4, seli za kinga wanazopimwa wenye VVU, si zimejaa hospitali? Hazimtambui sato. Changu ni kichupa kidogo kutoka Ulaya, bei yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Hutengenezwa kwa seli za panya aliyechanjwa IgM ya samaki, yaani kingamwili ya samaki mwenyewe, kwa hiyo hunata kwenye seli B, zile seli za kinga zilizobeba IgM. Juu yake naongeza kingamwili ya mbuzi inayomshika panya, nayo imebeba rangi ya kijani inayong'aa. Kijibomba kimoja, ndani yake sato, panya na mbuzi. Bosi hapendi nikieleza hivyo mbele ya wageni.

Saa 8, hospitali, kuazima mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga na kuhesabu zinazong'aa. Wagonjwa kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Ilinunuliwa kwa ajili ya CD4 zao. Nakaa kwenye benchi. Saa 9. Saa 10. Barafu inageuka supu, seli zangu zinakufa kimyakimya. Natoka mbio kuomba barafu kwa mama wa juisi, dakika kumi tu. Narudi, dada wa mashine anatabasamu.

"Kaka, nimekusaidia. Vile vijibomba viwili vya damu nzima nimeshavitilia dawa ya kupasua seli nyekundu."

Nilikosa la kusema. Seli nyekundu ya mtu haina kiini, ikipasuka imekwisha. Ya samaki inacho. Ukiipasua, viini vinabaki vinaelea, vingine vinamwaga DNA na damu inakuwa ute kama wa bamia. Nilikuwa bado nafikiria namna ya kumweleza bila kumuudhi, yeye ameshaweka kijibomba. Mashine ikakohoa, ikaziba.

Kuosha. Klorini, maji, klorini, maji. Dada kanuna, kana kwamba samaki ni ndugu zangu. Nje giza, daladala zimeanza kupungua, na mimi tangu chai ya asubuhi sijatia kitu tumboni.

Ilipokubali, vijibomba vya figo vikapita vyote sita. Nukta za kijani zikaanza kujipanga kwenye kioo, na kwa sato mgonjwa wa pili zikawa nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Dada akasogea. "Hizo ndizo zenyewe?" Ndizo zenyewe. Akaacha kununa.

Niko njiani, simu inaita. Mzee wa vizimba.

"Vipi, wale sita mmewala?"

"Hapana mzee, wananuka karafuu."

"Basi si mngepikia pilau."