Swingi Iliyosafishwa Upya: Uliza Kwanza Santuri Ilitoka Wapi

Kwenye jalada la mkusanyo wa Count Basie au Benny Goodman, viongozi wa bendi za swingi, ile jazz ya kuchezea dansi, utakuta imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba muziki umesafishwa upya kwa dijitali. Maneno hayo hayakuambii lolote. Kinachoamua utamu wa sauti ni santuri ipi iliyopigwa, kwa sindano ipi na kwa mkono wa nani, kabla kompyuta haijawashwa. Kazi ikiharibika hapo, hakuna programu ya kuiponya.

Bendi kubwa za swingi zilifikia kilele kati ya 1935 na 1945, wakati studio za Marekani hazijaanza kutumia mkanda wa sumaku. Sauti ilichongwa papo hapo kwenye diski ya nta. Nta hiyo ilivikwa chuma kwa umeme, kikapatikana chuma cha kwanza chenye matuta badala ya mifuo, yaani baba. Baba akamzaa mama mwenye mifuo, na mama akazaa mhuri wa kugandamizia santuri za dukani. Mama wa chuma anaweza kupigwa kwa sindano, na sauti yake ni safi kuliko santuri yoyote iliyouzwa. Kwa hiyo kwa mpangilio wa ubora, anza na chuma, kisha santuri ya dukani ambayo haijachakaa, kisha iliyochakaa, na mwisho kabisa elpii, yaani santuri ndefu ya mwendo wa polepole, ya miaka ya 1950 iliyonakiliwa tena. Shida ni kwamba baadhi ya vyuma hivyo viliyeyushwa wakati wa vita, na ndiyo maana ndani ya mkusanyo mmoja wimbo huu unang'aa na unaofuata unachakacha kama mahindi kwenye chungu.

Kampuni ya rekodi ya Columbia ina bahati yake ya pekee. Kuanzia karibu 1940 ilirekodi kwanza kwenye diski kubwa za laka, sentimita 40, kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, halafu ndipo ikahamishia kwenye santuri za mizunguko 78. Mhandisi akizipata laka hizo anaruka hatua nzima ya shelaki, ule utomvu mgumu wa kutengenezea santuri za 78. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu shelaki ya santuri ilichanganywa kwa makusudi na unga wa mawe ili uinoe sindano ya chuma ikae sawa kwenye mfuo. Mvumo unaousikia si uchafu. Umo ndani ya santuri yenyewe.

Kazi njema huenda hivi. Santuri huoshwa kwa maji yaliyochujwa na matone machache ya sabuni laini. Spiriti hairuhusiwi kabisa, kwani huyeyusha shelaki. Kisha hujaribiwa sindano za unene tofauti, kati ya maikroni 50 na 90 hivi, kwa sababu kuta za mfuo zimelika mahali fulani tu na sindano nene au nyembamba zaidi inaweza kugusa sehemu ambayo bado ni nzima. Sindano ya elpii, ya maikroni 25 au chini, huzama hadi chini ya mfuo na kuokota takataka. Tundu la katikati nalo hukaguliwa. Likiwa halijakaa katikati hasa, noti ndefu za klarineti zitayumba kama mlevi. Anayeipiga santuri huisogeza hadi mkono wa sindano utulie, kisha anarekodi bila kupamba chochote, kwa biti 24 na kHz 96.

Baada ya hapo kuna mwendo. Santuri inaitwa 78, lakini Marekani, kwenye umeme wa Hz 60, mwendo halisi ulikuwa 78.26, na mitambo ya kuchonga haikuwa mitiifu siku zote. Kosa la mizunguko minne na nusu kwa dakika hivi linapandisha au kushusha muziki kwa karibu nusu-toni nzima. Kulipima ni rahisi ukiwa na kinanda. Mpangilio wa Glenn Miller wa "In the Mood", uliorekodiwa tarehe 1 Agosti 1939, uko kwenye La bapa. Ukicheza pamoja na nakala yako ukajikuta kati ya funguo mbili, aliyeihamisha hakupima.

Halafu usawazishaji. Kanuni moja ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, ilienea kuanzia 1954. Kabla yake kila kampuni ilipunguza besi kwa mpango wake, na baadhi zilipandisha sauti za juu, na besi ilianza kupunguzwa mahali popote kati ya Hz 250 na 500. Anayepitisha santuri ya 1938 kwenye kikuza sauti cha kawaida cha elpii anakata kama desibeli 14 kwenye kHz 10 ambazo mara nyingi hazikupaswa kukatwa. Matokeo yake unayajua hata kama hujui chanzo chake: matoazi yamezikwa, tarumbeta zinapiga kama ziko chumba cha pili.

Kuondoa mvumo huja mwisho kabisa, na kidogo tu. Mikwaruzo na vishindo vya ghafla huondolewa kimoja kimoja. Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki 2004, alifanya hivyo kabla ya kompyuta kwa kukwangua unga wa sumaku kwenye mkanda pale hasa mshindo ulipo. Ukiliona jina lake kwenye matoleo ya lebo za Hep au JSP, nunua bila wasiwasi. Hatari iko kwa anayetaka kimya kamili. Programu haiwezi kutenganisha mvumo wa shelaki na hi-hati (matoazi mawili ya kugonganishwa kwa mguu) ya Jo Jones, mpiga ngoma wa Basie, kwa kuwa vyote viwili vinaishi kwenye eneo lile lile la juu. Ikifuta kimoja, cha pili kinafuatana nacho, na kile kinachobaki kina mlio wa majimaji, kama mtu anayesuuza kinywa. Mimi nachagua mvumo kila siku. Sikio huuzoea ndani ya dakika moja. Hi-hati iliyofutwa hairudi.

Ukitaka kujua kama nakala yako imefinyangwa, sikiliza sekunde mbili za mwisho za wimbo. Mvumo ukikatika pamoja na noti ya mwisho, kuna mlango wa kielektroniki, kifaa kinachokata sauti ikififia, umefungwa. Sikiliza pia pale Basie anapopiga piano peke yake kwa kidole cha mkono wa kulia. Mvumo ukipanda na kushuka kwa kila noti, usafishaji umezidi. Kisha fungua faili kwenye programu ya sauti ya Audacity, tazama picha ya masafa. Kwenye rekodi za wakati huo muziki wenyewe mara nyingi unafika kHz 7 au 8, na mvumo unaendelea juu yake. Ukiona ukuta ulionyooka kwenye kHz 5, mtu amekata kwa shoka.

Stirio bandia inanaswa humo humo. Gawa wimbo uwe chaneli mbili za mono, geuza mawimbi ya moja, zicheze kwa pamoja. Kimya kikitawala, ni mono halisi, kama inavyopaswa. (Faili za MP3 huacha masazo hafifu, yapuuze.) Ukisikia mwangwi wa ukumbi, umeongezewa. Lakini ukisikia chakacha tupu bila muziki, hiyo si stirio bandia. Aliyeipiga santuri alitumia kichwa cha stirio akasahau kuunganisha chaneli, na wewe mwenyewe ukiziunganisha mvumo utapungua kidogo. Stirio ya kweli ya zama hizo ipo, ila ni adimu mno: mwaka 1932 kampuni ya Victor ilichonga medli za Duke Ellington kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, kila moja na maikrofoni yake, na miaka mingi baadaye wataalamu walizioanisha.

Sasa mikusanyo yenyewe. Kwa Basie, anza na rekodi zake zote za kampuni ya Decca, 1937 hadi 1939, zilizotoka 1992 kwenye sidii tatu. Ndizo zile alizorekodi kwa mkataba maarufu kwa ubaya wake: nyuso 24 za santuri kwa mwaka kwa dola 750, bila mrabaha. Mpiga saksafoni Lester Young anasikika na hewa inayomzunguka. Kwa Ellington wa 1940 hadi 1942, wa enzi ya mpiga besi Jimmy Blanton na mpiga saksafoni Ben Webster, lipo toleo la 1986 na lipo la 2003 liitwalo Never No Lament. Chukua la 2003. Besi ya Blanton ndiyo sababu ya watu kununua mkusanyo huu, na kwenye la 1986 imefunikwa.

Tamasha la Goodman pale Carnegie Hall, tarehe 16 Januari 1938, ndilo somo bora kuliko yote. Elpii ilitoka 1950. Toleo la sidii la 1999, lililosimamiwa na Phil Schaap, lilirudi kwenye diski za asili na kurudisha vipande vilivyokuwa vimekatwa, ila liliacha mikwaruzo karibu yote. Wengi walilalamika. Nakubali kwamba linachosha kwa hedifoni, lakini ngoma za Gene Krupa zina uzito ambao matoleo laini hayana. Lisikilize kwa spika, si kwa hedifoni.

Schaap huyo huyo ndiye wa tamasha la Ellington pale Newport, 1956. Usiku ule, tarehe 7 Julai, mpiga saksafoni wake Paul Gonsalves alirudia mzunguko wa wimbo mara 27 akielekea maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya Columbia. Elpii ya 1956 ilijazwa vipande vya studio na makofi ya kubandika. Mwaka 1999 mikanda miwili ya mono, ya Columbia na ya redio, ilioanishwa ikawa stirio, na Gonsalves akasikika waziwazi kwa mara ya kwanza.

Pia usipite mikusanyo ya matangazo ya redio. Mgomo wa kurekodi wa chama cha wanamuziki ulianza 1 Agosti 1942, na Victor na Columbia hawakusaini hadi Novemba 1944. Kipindi hicho kilichobaki kwa wingi ni redio na santuri za jeshi ziitwazo V-Disc. Za redio kabla ya mgomo, mali kubwa ni mkusanyo wa Bill Savory, aliyenasa matangazo kwenye diski kubwa za mwendo wa polepole, hivyo nyimbo zinapita zile dakika tatu za santuri ya dukani. Hazina hiyo ilifika Jumba la Makumbusho ya Jazz la Harlem mwaka 2010, na lebo ya Mosaic ikatoa sidii sita mwaka 2018. Kwenye baadhi ya diski, laka ilikuwa imeshaanza kubanduka. Hiyo ndiyo sababu utasikia nyufa ambazo hakuna aliyeweza kuzifuta.

Kuhusu masanduku ya bei poa ya sidii nne au kumi yanayotoka Ulaya: huko haki za rekodi hizi zilishakwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuyatoa kihalali, na wengi hunakili kazi ya mhandisi mwingine kisha wanaongeza kichujio ili isitambulike. (Marekani, rekodi iliyotolewa 1937 inalindwa hadi mwisho wa 2037.) Geuza sanduku, tafuta jina la aliyehamisha santuri, namba za matriksi (za utambulisho wa kila rekodi) na tarehe za kurekodi. Vikikosekana vyote vitatu, rudisha rafuni.