"Maharage Panda, Mti Usipande"

Mume wangu alipofariki, shemeji hakunifukuza. Alikuja kwa upole, akaniambia: "Mama Neema, wewe lima tu. Panda maharage, panda magimbi. Ila mti usipande."

Asiyetoka Rombo, huku Kilimanjaro, ataona ni sharti dogo. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni kama nyumba ya ghorofa: juu kabisa miti mirefu ya miringaringa na miruka, halafu migomba, kahawa kwenye kivuli chake, magimbi chini. Maharage yanavunwa baada ya miezi mitatu na hayadai kitu. Mti unabaki, na kila mpita njia anajua nani aliupanda.

Nikapanda. Miche 14, miringaringa na miparachichi, nikaichomeka katikati ya migomba ambako mtu wa njiani haoni. Nikaitilia samadi, nikainywesha maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, siku ya zamu yetu. Shemeji alipoigundua ilikuwa imenipita kimo. Aling'oa miwili, iliyobaki ikamshinda.

Miti hiyo miwili ndiyo iliyonipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Kumbe safari ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani: alinieleza habari ya hati ya hakimiliki ya kimila, karatasi ya kumiliki ardhi ya kijiji, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Kwanza tulisuluhishwa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Wajumbe ni 7, na sheria inataka wanawake wasipungue 3. Mmoja wao tunachota naye mfongo mmoja. Bila yeye sijui ningeanza vipi kusema mbele ya wale wazee.

Siku ya kuhakiki mipaka, ambayo kwetu huwekwa kwa mimea ya masale, wazee wa ukoo wakaleta la kwao: hati iandikwe jina la mwanangu wa kiume, miaka 11. Nilikaribia kukubali, maana nilikuwa nimechoka. Dada yake alikuwa nyuma yangu, kashika ndoo.

Nikasema, "Meku, mzee wangu, huyu mtoto hajui hata masale ya mpaka yanaanzia wapi. Mimi nayajua."

Nikawatembeza, masale kwa masale, hadi kwenye mfongo. Majirani wakaweka sahihi, mmoja dole gumba.

Hati ina jina langu, iko sandukuni chini ya kanga. Shemeji bado anakiita kihamba cha kaka yake, nami simbishii. Juzi alimtuma mtoto aombe maparachichi. Nikamjazia ndoo.